Robi, Mama Yako Ameisikia Ile Kelele

Robi,

Barua tulizofundishwa shule ya msingi zilianza kwa kumuuliza mtu hali yake, halafu unamwambia sisi huku hatujambo. La kwanza siwezi kukuuliza. La pili ndilo lililonikalisha leo kwenye meza hii ya nyuma ya duka. Sisi huku hatujambo, Robi. Imenichukua muda mrefu kuweza kuandika maneno hayo bila kudanganya.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa chetu. Ulikuja chuoni Homa Bay na Kikuria chako kutoka Kehancha, mimi na Dholuo yangu kutoka Awendo, tukapewa chumba kimoja bila kujuana, na lugha ya kugombania nani amemaliza maji ya kuoga ikawa Kiswahili. Ulinicheka kila niliposema "sati" badala ya shati. Nikakucheka kila uliposema unaenda "kurara". Siku hizi hakuna anayenicheka. Mzee Salim hunisahihisha, lakini kusahihishwa si kuchekwa.

Ndiyo, Mzee Salim yule yule, Mpwani mwenye duka la redio na spika hapa Migori mjini. Ndiye aliyekuuzia vile visikizi vyekundu vya masikioni, akaapa kwamba havitaharibika, na kweli mpaka leo havijaharibika. Nilipomaliza kozi yetu ya kompyuta nilikuja kumuuliza kazi, akanichukua. Nawawekea wateja nyimbo kwenye simu, najaribu spika kabla hazijatoka dukani, nafagia asubuhi. Nikisema "hii spika ni mzuri" anainua kidole bila hata kugeuka: "Spika hii ni nzuri, mwanangu. Ni nzuri." Mngepatana sana.

Sasa ngoja nikueleze kwa mpangilio, kwa sababu mengi yametokea ukiwa umeshaenda.

Siku ya kukuzika sikulia. Unajua kwetu Wajaluo mtu haingii matangani kimya. Unaanza kupiga nduru ukiwa bado barabarani ili wenye boma wajue umefika. Mama yangu alinisindikiza mpaka kwenu, akaipiga yake vizuri kabisa, ndugu zako wakasimama kutazama. Mimi nilipita nyuma yake mkavu kama ubao. Nikaenda jikoni nikaosha sufuria. Niliosha zote, hata zile safi. Kwaya ya chuo ilipoimba waliniachia nafasi yangu kwenye sauti ya pili, nikasimama pale mdomo wazi bila kutoa kitu. Nikamsikia shangazi yako mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyu rafiki ana moyo mgumu. Sikumchukia. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuwaza hivyo.

Baada ya hapo nyimbo zote zikanikataa. Za kanisa, za benga, hata zile za kipumbavu tulizokuwa tukizicheza tukifua nguo. Kila wimbo ulioanza ulikuwa kama mtu amenishika bega na kunisukuma: sasa huzunika, sasa furahi, sasa shukuru. Na mimi sikuwa na nguvu ya kusukumwa. Kwa mtu anayefanya kazi duka la spika hilo ni tatizo. Nikawa najaribu spika kwa taarifa ya habari. Wateja walishangaa kidogo. Mzee Salim aliona, hakuuliza.

Ile kelele yako sikuwa naiwaza hata kidogo. Kwangu ilikuwa imezikwa na wewe.

Unakumbuka ilivyoanza? Alasiri ya joto, maabara ya kompyuta, mwalimu ametuachia kazi ya kupunguza ukubwa wa picha, nawe umemaliza kabla ya wengine kama kawaida yako. Ukachukua picha yetu wawili, ile tuliyopigwa ufukweni na korongo wale wakubwa wa Homa Bay wamesimama nyuma yetu kama wazee wa kamati. Ukailazimisha ifunguke kwenye programu ya sauti, ukabonyeza. Spika za maabara zikatoa kitu ambacho mpaka leo sijui kama nikiite mlio au ajali. Mwalimu alikuja mbio akidhani umeme umezidi. Wewe ulikuwa umefumba macho, unatabasamu. Ukaniambia, "Hapo mwanzo ni anga. Hapo penye kukwaruza ni nywele zako." Nikakuambia nywele zangu hazikwaruzi.

Kuanzia siku hiyo ukapotelea huko. Ukagundua kwamba kuna watu duniani wanaoifanya hiyo kazi makusudi, Wajapani, Wajerumani, dada mmoja wa Kampala, watu wanaochukua kompyuta na kuikaba mpaka ipige mayowe, halafu wanayaweka mayowe hayo kwenye mtandao na kuyaita albamu. Ulikuwa ukila chakula cha jioni na kisikizi kimoja sikioni. Mara moja ulinikalisha kitandani ukanipachika na mimi. Nilivumilia kidogo nikakurudishia. Nikakuambia inafanana na krasha za Osiri, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu ambako kaka yangu Odhiambo anafanya kazi. Nilikuwa nakutukana. Wewe ukafurahi kana kwamba nimekusifu, ukasema basi siku moja nikupeleke Osiri ukazisikie.

Halafu maumivu yakarudi.

Ule ugonjwa wako wa selimundu ulikuwa na tabia ya kutupa likizo ndefu mpaka tunausahau. Kisha kibaridi kidogo cha asubuhi, au mtihani, au bila sababu yoyote, chembe zako za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba njia, na wewe unajikunja pamoja nazo. Safari hiyo ilikuwa nyonga. Wakakulaza wodi ile yenye madirisha yanayotazama ziwa, mama yako akatoka Kehancha na kikapu chake akakaa pembeni ya kitanda, na sisi wa kwaya tukaja kukuimbia. Tuliimba vizuri, Robi, najua tuliimba vizuri, hata wauguzi walisimama mlangoni. Ulimshukuru kila mmoja kwa jina lake. Wenzangu walipoondoka ukaomba visikizi vyako vyekundu.

Mama yako akageuza uso. Alikuwa ameisikia ile sauti ikivuja pembeni na kuamua kwamba kuna kitu kibaya kinaongea na mtoto wake. Hukujua, lakini siku moja ukiwa usingizini alimwomba mchungaji aviombee hivyo visikizi. Nilivikuta vimewekwa juu ya Biblia, na mchungaji amenyoosha mkono juu yake. Sikuweza kukuambia kwa sababu ungecheka, na kucheka kulikuwa kunakuumiza.

Nilikuuliza kwa nini, baada ya nyimbo nzuri vile, unataka kusikiliza mashine ikisaga mawe. Ulikuwa umechoka. Uliongea polepole, macho yako kwenye dari.

"Nyimbo zote zinaniambia nitapona, Akeyo. Hii hainiahidi kitu. Inakaa na mimi tu."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa sikiliza kilichonipata dukani. Ilikuwa mchana, mvua imetoka tu kunyesha, barabara ya mbele imejaa matope ya malori ya miwa. Mama mmoja alikuja kununua spika mbili kubwa za kanisa lake. Nikaziunganisha, nikatafuta taarifa ya habari, nikaongeza sauti. Waya mmoja ulikuwa umelegea kwenye tundu lake bila mimi kujua. Badala ya mtangazaji ukatoka mngurumo. Si mlio mdogo wa kero, hapana. Ukuta mzima wa sauti, chini unatetemeka, juu unachanika, katikati kuna kitu kinachemka. Yule mama akaziba masikio akarudi nyuma hadi barazani.

Nilipaswa kuzima. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Sikuzima. Ile sauti iliniingia mbavuni, ikaingia kwenye meno, na ndani yake hakukuwa na mtu anayeniambia nihuzunike wala nishukuru. Haikutaka kitu kwangu. Nikakuona umelala kwenye kile kitanda umetazama dari, na machozi yakaanza yenyewe. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kunisikia, nikaachilia na sauti. Nikapiga nduru, Robi. Nilipiga kama mama yangu, kwa koo lote, ile ambayo ningeipiga barabarani kwenu. Spika zilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu, na nilijisikia salama ndani yake kama mtu anayeoga kwenye mvua.

Mzee Salim akatoka nyuma akachomoa waya ukutani. Kimya kiliingia ghafla, na mimi nilikuwa bado katikati ya nduru. Mtaa mzima ulinisikia. Fundi viatu wa jirani alikuja na fimbo akidhani kuna mwizi.

Mzee Salim aliwaaga watu kwa upole, akaniletea kiti, akaniuliza nani amefariki. Hakuuliza kama kuna aliyefariki, aliuliza nani. Nikamweleza yote. Alikukumbuka. Alisema wewe ndiye binti aliyejaribu visikizi vyote vya dukani akichagua vile vyenye kuhimili sauti ya juu, si vyenye rangi nzuri, ingawa mwishowe ulipata vyenye vyote viwili. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwanangu, sauti ile yaunguza spika. Hizi za kuuza usiziguse. Lakini kule nyuma mna kongwe mbili ambazo hakuna azitakaye. Hizo ziunguze utakavyo."

Ndivyo nilivyopata chumba. Ijumaa mchana yeye akienda msikitini duka linafungwa, na mimi nabaki huku nyuma na laptopu yangu na zile spika kongwe zilizopasuka vitambaa. Nilianza na zile kazi zako ulizokuwa ukinitumia kwa simu, ambazo sikuwahi kuzisikiliza mpaka mwisho. Moja ina mlio wa feni ya wodi uliovutwa mpaka ukawa mrefu kama barabara ya Rongo. Nyingine sijui ni nini, na nimeipenda hivyo hivyo. Ya mwisho uliiita "Nyonga".

Ile "Nyonga" niliishuhudia ikitengenezwa, ila sikujua ninachokiona. Daktari alikuwa amekupa ile filamu ya eksirei. Ukaniomba niishikilie dirishani, mwanga wa ziwa upite ndani yake, ukaipiga picha kwa simu. Mimi nilidhani unataka kuwaonyesha watu wa nyumbani. Kumbe uliigeuza sauti kama ulivyogeuza picha yetu. Uliihifadhi kwanza bila kuibana ipungue ukubwa, kwa sababu, kama ulivyonieleza siku nyingine na sikusikiliza, picha iliyobanwa hutoa mvumo mmoja tu, lakini isiyobanwa kila mstari wake unakuwa pigo. Inaanza kwa giza, mtetemo wa chini kabisa, unadhani spika imezimika. Kisha nyama inaingia, kama mchanga unaomwagwa juu ya mabati bila kukoma. Halafu mfupa. Mfupa unapoingia sina neno, Robi. Pale mfupa ulipoanza kuoza kwa kukosa damu, pale daktari alipoweka kidole, sauti inakatikakatika, inajikwaa, inarudi, inajikwaa tena.

Siku ya kwanza niliisikiliza nimesimama. Ya pili nimekaa. Ijumaa iliyofuata nilianza kutengeneza zangu.

Nilienda Osiri peke yangu, nikitamani tungekuwa wawili. Odhiambo alinicheka mbele ya wenzake, kwamba dada yake amesoma kompyuta ili aje kurekodi krasha. Lakini alinitafutia mahali pazuri pa kusimama, akanifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, na mashine moja ilipozimwa aliniambia ngoja, sikiliza inavyokufa, hapo ndipo inakuwa tamu. Kwa hiyo hata yeye husikiliza. Nilirudi na ile sauti nikaikata vipande vidogo kuliko punje za wimbi, nikavitawanya, nikavikusanya upya, nikavivuta, nikavigonganisha. Nilikosea sana. Kuna siku nilitoa kitu kibaya hata mimi nikatoka nje. Lakini nimejifunza kwamba kelele si kitu kimoja. Ukikaa nayo bila kukimbia inaanza kukufungulia: huku kuna mtetemo, huku kuna upepo, kule mbali kuna kama watu wanaimba, na hakuna anayeimba. Kumbe ndiko ulikokuwa ukitembea, na sisi tumekaa kando ya kitanda tunakuhurumia.

Sasa nifike kwa mama yako.

Alikuja Migori kununua mbegu, akapita dukani. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi. Unajua Kiswahili chetu mimi naye, kila mmoja anachechemea upande wake. Tulisalimiana, nikampa soda, akaishika bila kunywa. Akaangalia zile spika zilizopangwa ukutani, muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza dawa ya aibu.

"Akeyo, ile kelele ya Robi. Uko nayo?"

Nikamwambia ninayo. Akasema nyumba imenyamaza sana. Zamani ukirudi likizo ilikuwa inavuja usiku na mchana kwenye hivyo vitu vyekundu, naye alikuwa akiichukia, na sasa akiamka anakuta anaitafuta. Nilimleta huku nyuma. Mzee Salim alifunga mlango wa mbele bila kuambiwa, ingawa haikuwa Ijumaa.

Niliogopa kumwekea "Nyonga". Nilifikiria ile ya feni, ni nyepesi. Lakini yeye hakuja kwa jambo jepesi. Nikamweleza kwanza: Mama, hii ni ile picha ya mfupa, ile ya hospitali, Robi aliifundisha kompyuta kuisoma kwa sauti. Akaniangalia kama mtu asiyeamini kabisa lakini aliyekubali kujaribu. Nikabonyeza.

Alikaa mikono juu ya magoti. Giza likapita, mchanga ukapita. Mfupa ulipoingia alishtuka akashika ubavu wa kiti, nikanyoosha mkono nizime, akanizuia kwa kiganja. Aliisikiliza yote mpaka ikakatika. Kisha akavua kilemba akakifunga upya, taratibu.

"Miaka yote namuuliza, Robi, inauma namna gani? Ananiambia, Mama, inauma tu." Akakaza fundo la kilemba. "Leo ndio amenijibu."

Aliniomba niirudie. Nikairudia. Alipoiomba mara ya tatu alisema niongeze sauti, mtoto asiongee kama anaogopa. Tulilia pamoja, Robi, lakini hakikuwa kilio cha mazishi. Alipoondoka uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyeshusha mzigo wa kuni na kusimama wima kwanza kabla ya kuingia ndani. Alisahau mbegu zake, ikabidi nimkimbilie nazo.

Mlangoni aliniambia kwamba siku ya ibada ya kumbukumbu yako anataka "Nyonga" ipigwe nyumbani, hadharani, watu wote wasikie.

Hapo ndipo baba yako mdogo Marwa alipoingia. Unamjua. Tangu ulipokuwa mdogo alisema huo ugonjwa umetoka upande wa kina mama yako, ni wa nyumba yao, na damu ya kwao Marwa ni safi. Watoto wake mwenyewe alikataa wasipimwe. Mama yako aliubeba mzigo huo miaka yote bila kujibu. Nilikuwepo siku ya kikao cha kupanga ibada, nimekaa na wanawake. Marwa alisema amesikia kuna mipango ya spika, na kwamba hataki disko matanga kwenye boma la kaka yake. Akasema Robi alikuwa msichana mpole, na aombewe kwa upole.

Mama yako hakusimama. Alijibu akiwa anachambua mboga.

"Alikuwa mpole ndio nyinyi mlale. Wacha siku moja asikuwe mpole."

 Mchungaji aliangalia viatu vyake.

Siku yenyewe Mzee Salim alikuja mwenyewe na pikapu, kanzu nyeupe, zile kongwe mbili nyuma na jenereta katikati, na akaketi na wazee kama mtu wa boma. Tuliomba kwanza, tukasoma neno, mchungaji akahubiri kwa ufupi, sijui kama ni kwa huruma au kwa wasiwasi. Kisha nikaitwa. Nilishika maikrofoni. Nikawaambia watakachosikia si wimbo. Nikawaambia ni picha ya nyonga ya Robi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza akiwa kitandani, na haikuwa ya kumtisha mtu. Halafu nikaongeza kitu ambacho sikuwa nimepanga. Nikawaambia nilivyosoma na daktari alivyotueleza, kwamba selimundu haiji kutoka upande mmoja. Baba anatoa nusu na mama anatoa nusu, na wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa bila kujua wanachobeba. Nilimwona mama yako ameinua kichwa.

Nikabonyeza.

Ng'ombe wa jirani walivunja ua. Hilo lazima nikuambie, ungelipenda. Batamzinga wa kwenu aliitikia tangu mwanzo hadi mwisho kama mzee wa kanisa. Shangazi wawili walihamia nyuma ya jikoni, na vijana fulani walicheka, kisha mfupa ukaingia wakaacha. Mama yako alikuwa amekaa mbele kabisa, ameelekea spika, mgongo wima. Marwa alisimama pembeni ya hema ameshika nguzo, na nguzo ilikuwa inatetemeka mkononi mwake. Angeweza kuiachia. Hakuiachia.

Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi, na sikutaka.  Ulikuwa unaweza kusikia maharagwe yakichemka. Kisha mchungaji akasema "Amina", nadhani kwa kukosa jingine, watu wote wakaitikia, na chakula kikaja.

Jioni tukipakia, Marwa alikuja akashika upande mmoja wa spika bila kuombwa. Tuliipandisha pamoja. Alikaza kamba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, bila kunitazama.

"Hiyo ya damu ulisema, ya pande mbili," akasema. "Mtu anapimwa wapi?"

Aliwapeleka watoto wake wote, Robi. Wakubwa wako salama. Kifungua mimba wake amebeba nusu tu, hana shida. Lakini Gati, yule mdogo wao aliyezaliwa ulipokuwa bado sekondari, amepatikana nayo kamili. Marwa alikaa kwenye benchi la hospitali akalia mbele za watu, na aliyemshika mkono alikuwa mama yako. Hakumwambia chochote kuhusu maneno ya zamani. Alimwonyesha tu namna ya kumfunika mtoto asubuhi, na maji mengi, na asikimbizwe juani. Gati ameanza dawa mapema, kabla hajalazwa hata mara moja. Wewe hukuipata bahati hiyo. Daktari anasema watoto wanaoanza mapema wanakua, wanasoma, wanazeeka. Nilimwomba aliseme tena neno hilo la mwisho.

Kwa upande wangu, mwezi ujao naenda Homa Bay, chuoni kwetu. Mwalimu wa maabara amenialika niwaonyeshe wanafunzi wa sasa jinsi picha inavyofunguliwa kama sauti, kwa sharti kwamba nije na spika zangu. Watu wachache wameanza kunisikiliza kwenye mtandao. Yule dada wa Kampala uliyekuwa ukimpenda ameniandikia kuhusu "Nyonga", akauliza ni nani aliyeitengeneza. Nikamwandikia jina lako kamili. Na nyimbo za kawaida nazo zimeanza kunirudia moja moja. Jumamosi nilijikuta naimba sauti ya pili nikifagia, na Mzee Salim akazima redio ili asikie.

Sina makubwa ya kukuahidi. Sitakuahidi kwamba nitakuwa mtu maarufu, wala kwamba sitalia tena mbele ya wateja. Nakuahidi kwamba mama yako hatakaa na ile nyumba iliyonyamaza. Ninaenda kila nikipata nafasi, na amejifunza kubonyeza mwenyewe. Na nakuahidi Gati. Kelele nitamwekea siku akiihitaji, na namwomba Mungu asiihitaji. Kwa sasa anachopenda ni nyimbo za kuruka kamba, zile za herufi na majina ya matunda, na anaruhusiwa kuruka kidogo kidogo asubuhi jua likiwa bado dogo.

Basi kwaheri, rafiki yangu. Kesho ni kliniki ya Gati, nampokea stendi yeye na mama yako. Kamba nimeshanunua, na wakati tunangoja kuitwa nitashika ncha moja, mama yako ashike nyingine.

Ni mimi,
Akeyo